Miwani Niliyoiacha Nyuma ya Termosi

Nina umri wa miaka thelathini na tisa, sina mke, na kosa ni langu mwenyewe. Naanza hivyo ili mtu asije akadhani nimekuja hapa kumlaumu mwanamke, au wakwe, au wachawi. La! Nimekuja kueleza jinsi mimi, mtu mwenye akili timamu na cheti ukutani, nilivyoiua ndoa yangu kabla haijaanza...

Naitwa Mutwiri, mzaliwa wa Kanyakine. Baba alifariki nikiwa kidato cha pili. Nilibeba mikungu ya ndizi sokoni, nikachimba mashimo ya vyoo, hadi nikapata diploma ya umeme, tena kwa alama za juu kabisa katika darasa letu. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Nilienda Qatar kwa nguvu zangu. Nilianza kama kibarua wa kuvuta nyaya juani, na miaka tisa baadaye niliondoka nikiwa msimamizi, mafundi wa mataifa saba wakinisikiliza mimi. Leo nina duka la sola na kamera za usalama hapa Makutano, Meru. Ukipita utaliona. Bango lake ndilo kubwa kuliko yote upande ule.

Nayasema haya ili mjue kwamba si ujinga ulioniangusha.

Kuna jambo moja lazima mlijue kwanza. Nikiwa Qatar, binamu yangu alikuwa akinijengea nyumba. Kwa miaka miwili alinitumia picha. Msingi... kuta... madirisha... mabati ya rangi ya maruni. Niliwaonyesha wenzangu kambini, nikajidai. Niliporudi likizo nilikuta shamba lile lina nyasi na mbuzi wa jirani! Ile nyumba ya kwenye picha ilikuwa ya mwalimu mmoja wa kule Nkubu!

Kilichoniuma zaidi si nyumba. Kilichoniuma ni kwamba Kanyakine nzima ilijua. Walikuwa wakinicheka nyuma ya mgongo wangu, na kwenye simu wananiita "bosi". Siku hiyo nilisimama kwenye zile nyasi nikaapa kwamba hakuna mtu atakayenong'ona kunihusu tena nisijue.

Basi niliporudi kabisa, nilirudi na miwani yangu.

Wengi wenu mmeisikia tu. Ni miwani ya kawaida ukiitazama, lakini ndani ina kamera, ina kipaza sauti, na ina akili unde inayoona unachokiona na kukujibu sikioni. Unaiuliza, inakuambia. Meru yangu nilikuwa nimeisahau kwa miaka tisa, lakini nikikutana na mtu kanisani, miwani, kwa picha na majina niliyoiwekea, ilininong'oneza: huyu ni Mama Kendi, mlisoma na mwanawe, ulimwona mara ya mwisho kwenye mazishi ya fulani. Nami ningesema, "Mama Kendi! Hujambo? Na kijana wako yuko wapi siku hizi?" Wamama walishika vifua kwa furaha. Mutwiri hajasahau watu!

Lakini nilikuwa nimewasahau. Ni miwani iliyokuwa ikiwakumbuka.

Baba mdogo wangu, Mzee M'Ikiara, ambaye ndiye aliyebaki kama baba kwangu, alikuwa akinitania. "Hebu iulize kama ng'ombe wangu amekunywa maji," angesema. Ningemjibu kwamba baada ya miaka michache mtu asiye na miwani kama hii atakuwa kama mtu asiye na simu leo. Hataweza kufanya biashara, hataweza kusafiri, hataweza hata kuoa! Alicheka hadi akakohoa. "Kuoa pia? Kwani itakusaidia kufanya nini huko?"

Nilisema hivyo kwa mdomo wangu. Hata kuoa...

Wawira nilikutana naye Runyenjes, upande wa Embu, nilipopata kazi ya kuweka sola katika shule anayofundisha. Siku ya kwanza nilifika nimevaa koti, maana mimi hupenda kuheshimika. Alitoka darasani na chaki mkononi akanitazama kutoka juu hadi chini. "Fundi," akasema, "hilo koti ni la kupanda nalo paa, ama umekuja kuoa mwalimu mkuu?" Watoto walicheka. Nami nilicheka, na jambo hilo si la kawaida kwangu.

Alikuwa na miaka thelathini na tatu. Mtu wa maneno machache, lakini kila neno lilikuwa na mahali pake. Hakuvutiwa na Qatar. Hakuvutiwa na bango langu. Siku aliyonipenda, aliniambia baadaye, ni siku aliyoniona nikila githeri na watoto wa shule kwenye sahani ya plastiki, koti nikiwa nimelitundika kwenye msumari.

Miwani hakuipenda tangu mwanzo. Tulipokuwa tukikutana alinyoosha mkono tu, kama mwalimu anayemnyang'anya mtoto kitu cha kuchezea. "Vua niongee na wewe," alisema. Angeiweka kwenye mkoba wake hadi tutakapoachana jioni. Nilimweleza faida zake zote. Nilimwambia kwamba hata wanafunzi wake siku moja watakuja darasani nayo. Akasema labda, lakini yeye hataki kukumbukwa na mashine, anataka kukumbukwa na mimi.

Mimi nilifikiri huo ni ushamba kidogo... Jamani! Laiti ningelijua!

Wiki chache kabla ya kwenda kwao, alinishika mikono yote miwili akaniomba jambo moja tu. "Mutwiri wangu, kwa baba usiende nayo. Hata mfukoni. Baba ni mtu wa zamani." Nikamwahidi. Nilimwahidi mara mbili!

Baba yake, Mzee Njeru, alikuwa karani wa kituo cha kununulia majani chai kabla ya kustaafu. Mrefu, mpole, mtu wa sauti ya chini. Mama yake Wawira alikuwa ameshafariki, kwa hiyo hao wawili walikuwa kitu kimoja. Kila Jumamosi mwalimu huyu mzima alifunga leso kiunoni, akapanda na baba yake shambani kuchuma chai, wakiongea mambo yao.

Tulikuwa tumeshabisha hodi mara ya kwanza na mambo makubwa yote yalikuwa yamepita vizuri. Safari hii ya pili ilikuwa ya kukubaliana tarehe ya harusi tu. Tarehe tu! Kwao walitaka Agosti, shule zikifungwa. Mimi nilitaka Desemba. Kwa nini? Kwa sababu nilikuwa najenga tena, safari hii kwa macho yangu mwenyewe, nyumba ya ghorofa, na ingekamilika Desemba. Nilikuwa nimewaalika wenzangu wa Qatar. Nilitaka bibi harusi ashuke garini mbele ya nyumba ambayo hakuna mtu angesema ni ya kwenye picha.

Asubuhi ile nilivaa suti ya kijivu. Miwani niliiacha kitandani. Nikafika mlangoni... nikarudi. Nikaitia mfuko wa ndani wa koti. Nilijiambia ni kwa tahadhari tu. Kuna taa ndogo kwenye fremu inayowaka ikiwa inarekodi, ili watu wajue. Nikaibandika kipande cha utepe mweusi wa fundi. Mtu anayechukua kitu kwa tahadhari tu anabandika utepe wa nini? Sikujiuliza.

Tulipokewa vizuri sana. Tukala mukimo na kuku, tukaomba, tukaanza mazungumzo. Walipotaja Agosti nikataja Desemba. Wakarudia Agosti. Hapo msemaji wao akasimama, akasema maneno ambayo husemwa kwa kila mgeni anayekwenda kuposa kwetu na kwao: "Wageni wetu, tupeni nafasi kidogo."

Hiyo ni desturi. Wenye boma wakitaka kushauriana, wageni hutoka nje. Wakimaliza huwaita. Wanachosema humo ndani ni chao. Ndiyo ndundu yao, baraza lao la siri. Hakuna anayeuliza mlisema nini. Hata ukimwoa binti yao ukazaa naye watoto kumi, hutauliza.

Wote wakainuka. Mimi nikawa wa mwisho. Nikatoa miwani mfukoni kama mtu anayetafuta leso, nikaiacha juu ya stuli, nyuma ya termosi kubwa ya chai. Simu yangu ikiwa mfukoni, nikatoka.

Mikono haikunitetemeka hata kidogo. Naomba mlijue hilo.

Tuliketishwa kwenye viti vya plastiki karibu na zizi la ng'ombe. Wazee wangu wakaanza kuongea juu ya mvua. Mimi nikasogea pembeni kama mtu anayejibu ujumbe wa wateja. Nyaya na mawimbi ndiyo kazi yangu, nilijua umbali ule miwani ingenifikia. Nilikuwa nimeizoesha Kimeru kwa miezi mingi, na Kiembu si mbali sana na Kimeru. Nikaiandikia: Wanasema nini? Nishikilie Desemba?

Baada ya dakika chache jibu likaja. Mistari mitatu. Bado naiona.

Baba yake ana saratani na hana muda mrefu. Ndiyo sababu familia ina haraka. Wao ndio wenye shida ya wakati, si wewe, kwa hiyo ukishikilia msimamo wako watakubali masharti yako.

Wasomaji wenzangu, hapa ndipo nataka kuwa mkweli hata kama mtanichukia. Niliposoma kwamba yule mzee mpole anakufa, sikusikia huruma. Nilisikia ushindi. Nilisema moyoni, kumbe! Kumbe ndicho walichokuwa wakinong'ona! Safari hii nimewajua!

Tukaitwa ndani. Msemaji wao alikuwa anatabasamu. Akasema wamekubali yote, hawaongezi chochote, hawaombi chochote tena, ila jambo moja tu dogo. Iwe Agosti. Kisha, bila kungoja jibu, kama watu ambao tayari ni ndugu zetu, wakamwita Wawira.

Zamani ilikuwa pombe ya asali. Sisi watu wa kanisa hutumia uji. Msichana huja na kibuyu, huulizwa mbele ya wote kama anawajua wageni hawa na kama uji wao unywewe. Akisema ndiyo, akaonja, basi imekwisha. Yeye ni wenu.

Alitoka jikoni amevaa gauni la kitenge la kijani. Akasimama kando ya kiti cha baba yake, kibuyu mikononi. Shangazi yake, Tata Igoki, akamuuliza, "Wawira, hawa watu unawajua? Tunywe ama tumwage?" Wamama wakacheka. Wawira akanitazama. Uso wake wote ulikuwa unacheka. Alifungua mdomo kujibu...

"Kabla hajajibu," nikasema, "tuelewane kwanza. Ni Desemba."

Baba mdogo akanikanyaga mguu chini ya meza. Sikujali.

Ndugu yake Wawira, Nyaga, kijana mchangamfu mwenye mdomo mrefu, akataka kuleta utani ili chumba kitulie. "Shemeji, mwanaume wa Qatar anaogopa Agosti? Ama ile nyumba ni ya kwenye picha tena?"

Kumbe hadithi ile ilikuwa imefika hadi kwao! Kila mtu akacheka. Hata wamama wa upande wangu walicheka!

Najua sasa kwamba hakuwa na ubaya. Shemeji hutaniana. Lakini mimi sikusikia shemeji. Nilisikia Kanyakine nzima. Niliona zile nyasi na wale mbuzi. Nikasimama wima na suti yangu ya kijivu, nikasema kwa sauti ambayo nilizoea kuwaamrishia mafundi thelathini:

"Mimi siogopi kitu. Semeni ukweli nyinyi! Mnataka Agosti kwa sababu mzee ana saratani na Desemba hatafika!"



Wawira aligeuka polepole akamtazama baba yake. Hakuuliza kitu. Alimtazama tu. Mzee naye akainamisha kichwa, na kwa kuinamisha kile kichwa, akamjibu.

Hakuwa anajua! Mungu wangu, binti hakuwa anajua! Nyaga alijua, shangazi alijua, wazee wote walijua. Ni yeye peke yake...

Alikiweka kibuyu chini sakafuni, kwa uangalifu, bila kumwaga hata tone. Akapiga magoti, akalaza kichwa kwenye mapaja ya baba yake kama mtoto. Mzee Njeru akaweka mkono juu ya nywele zake. Akanitazama mimi. Hakukasirika. Ningefurahi kama angekasirika.

"Nilitaka anywe kwanza," akasema. "Afurahi leo. Leo tu."

Ni Tata Igoki aliyeuliza nani ameniambia. Macho yake yakazunguka chumba, yakafika kwenye termosi, yakafika nyuma ya termosi. Akachukua kitambaa cha kufuma kutoka mgongoni mwa kochi, akaishika miwani yangu kwa kile kitambaa kama mtu anayeshika panya aliyekufa. Akaona utepe mweusi. Akaubandua kwa kucha. Taa ndogo ilikuwa inawaka.

"Hii kitu ilikuwa inatusikia?" akauliza. "Mutwiri, kwani sisi ni wezi?"

Wawira aliinua kichwa, akaiona. Na hapo nikajua kwamba sikuwa nimevunja jambo moja, bali mawili. Aliloniomba lilikuwa lile moja tu...

Niliichukua miwani yangu, tukaondoka bila kuagwa. Karibu na Chuka Baba mdogo akaanza kuongea. Alikuwa anatazama barabara.

"Mwanangu," akasema, "mimi nilijua yule mzee ni mgonjwa tangu tulipoingia."

Nikamuuliza amejuaje.

"Shati lake lilikuwa limefungwa kifungo cha juu, na kola bado ingeingia mkono wangu wote. Mtu hakondi hivyo kwa siku mbili. Nilikuwa nimeamua tukirudi ndani niseme Agosti." "Nilikuwa na macho tu, Mutwiri. Macho haya haya."

Kesho yake nilikwenda dukani mapema, sikufungua mlango wa mbele. Niliketi kati ya betri na paneli, nikaweka sauti yote niliyorekodi, si ile mistari mitatu. Niliisikiliza kwa masikio yangu mwenyewe, kwa Kiembu chao.

Kwanza nilisikia viti. Kisha nikasikia kijiko kikikoroga sufuria, na kutoka jikoni, mbali, Wawira akiimba. Kisha Nyaga akasema kwamba mimi nina majivuno mengi na labda waache. Na hapo nikamsikia Mzee Njeru.

Alisema, "Ana majivuno, ndiyo. Lakini mimi niko kwenye kamati ya shule, nilimtazama akifanya kazi. Alipomaliza, wafanyakazi wake walikuwa wameshaingia garini. Yeye alirudi peke yake, akainama, akaokota kila kipande cha waya kwenye nyasi ili watoto wasijichome. Hakujua kuna mtu anamwona. Mtu wa namna hiyo atamtunza Wawira nikiondoka. Mpeni. Msimwongezee kitu hata kimoja."

Kisha akasema, "Na Wawira asijue leo. Nitamwambia mwenyewe Jumamosi, tukiwa kwenye chai. Huko ndiko huwa ananielewa."

Yote hayo yalikuwemo! Miwani iliyasikia yote! Lakini mimi niliiuliza kama nishikilie Desemba, nayo ikanipa kile kinachohusu Desemba. Haikunidanganya. Ilinipa nilichokitaka. Je, mtu anaweza kuilaumu mashine kwa hilo?

Nililia. Mimi, mwanaume wa diploma, nililia nikiwa nimekumbatia betri.

Nilipiga simu, haikushikwa. Niliandika ujumbe, haukujibiwa. Baada ya wiki tatu Baba mdogo alinipeleka na kondoo dume na asali, kuomba msamaha kama inavyotakiwa. Mzee Njeru hakuwepo, alikuwa amelazwa hospitalini, na Wawira alikuwa naye huko. Wazee wao walitupokea kwa heshima. Walisema watapokea kondoo, lakini kwa sharti kwamba nifute maneno yao ya siri, mbele yao, yasibaki popote duniani.

Nilikuwa nina haraka ya kusamehewa. Na nilikuwa na aibu. Kila nilipoisikia ile sauti ikisema "mpeni", nilitaka ardhi inimeze. Kwa hiyo nilifuta. Nilifuta kwenye miwani, nikafuta kwenye simu, nikafuta ile nakala iliyohifadhiwa mtandaoni. Nyaga aliuliza kama haiwezi kurudishwa. Nami, hata siku ile, kiburi kilinipanda kidogo... Nikamwambia mimi si fundi wa mchezo. Nikaandika juu yake tena na tena kwa njia ninazozijua mimi, nikawahakikishia kwamba hakuna mtaalamu Meru, Nairobi wala Qatar atakayeirudisha. Na ni kweli. Hakuna.

Tulipoinuka kuondoka, msemaji wao akamwambia Baba mdogo, "Kondoo ni wa kusafisha boma. Si wa kuolea."

Mzee Njeru alizikwa mwishoni mwa Agosti. Mwezi ule ule! Nilisimama barabarani nje ya ua, koti mkononi. Sikuthubutu kuingia kutupa udongo. Wawira alipita na wanawake wengine umbali wa hatua kumi. Hakugeuza shingo.

Desemba nyumba yangu ikaisha. Ni ya kweli, ya ghorofa, mabati ya maruni. Wenzangu wa Qatar walikuja, wakala, wakapiga picha, wakaondoka. Ninaishi chumba cha chini, mimi na mama yangu. Juu hapana mtu.

Nilifikiri nimeshafika mwisho wa maumivu. Kumbe bado!

Mwaka huu, mwezi wa pili, asubuhi moja, nilikuwa nikimfungia mteja kamera kwenye boksi. Nikainua macho, Wawira amesimama mbele ya kaunta. Amekonda. Moyo wangu uliruka, nikadhani... nyinyi mnajua nilichodhani.

"Sikuja kwa ajili yako," akasema kabla sijafungua mdomo.

Akaniambia kwamba Nyaga hatimaye amemweleza yote, kwamba siku ile kulikuwa na sauti ya baba yake iliyorekodiwa, na kwamba nilifuta mbele ya wazee. Akaniambia baba yake hakupenda simu. Hakuwahi kumtumia ujumbe wa sauti hata mmoja. Picha zipo, nyingi, lakini sauti hakuna popote, ameitafuta kwa kila mtu, kwenye video za harusi, kwenye sherehe za shule. Anaanza kuisahau. Akiwa peke yake kwenye chai hujaribu kuisikia, na haiji.

"Mafundi huwa mnabaki na kopi," akasema. "Najua uliwaambia wazee hakuna. Mimi sitakushtaki. Sitamwambia mtu. Nipe tu, Mutwiri. Hata kama anaongea vibaya. Hata dakika moja."

Ningetoa duka lile. Ningetoa ghorofa, na vyeti, na miaka yangu tisa. Nikamwambia haipo. Nikamwambia nilihakikisha mwenyewe kwamba haitakuwepo.

Hakulia. Akashika ukingo wa kaunta.

Nikamwambia ninayakumbuka maneno yake, neno kwa neno, nimeyasikiliza mara nyingi kuliko sala. Nikamweleza habari ya vipande vya waya. Nikamweleza habari ya Jumamosi na chai. Alinisikiliza, macho yakiwa kwenye mdomo wangu.

"Nitajuaje kama alisema hivyo?" akauliza.

Nani angeamini kinywa hiki?

"Alisema kwa sauti gani?" akauliza tena, polepole sana.

Nikajaribu. Niliteremsha sauti yangu, nikaanza kama alivyoanza mzee... "Ana majivuno, ndiyo..."

Akainua mkono. "Usijaribu," akasema. "Tafadhali usijaribu."

Akachukua mkoba wake. Mlangoni alisimama, mgongo kwangu. Niliomba Mungu ageuke, aseme jina langu tu.

"Asante, fundi," akasema, kama mteja yeyote. Akaondoka.

Miwani sinayo tena. Nimempa mzee mmoja wa Kanyakine asiyeona. Inamsomea majina ya dawa zake, inamwambia gari linakuja, na kwake naona kweli ni kitu cha lazima. Mkiniuliza kama siku moja wote tutavaa, nitawajibu kama fundi: huenda. Simu pia tulizikataa. Sikuja kuwaambia ni kitu cha shetani. Nilichofanya nilikifanya mimi, kwa mkono huu, na utepe niliubandika mimi.

Lakini nawaombeni, hasa nyinyi mliotoka mbali mkarudi na mali na vidonda, nyinyi mliosemwa nyuma ya mgongo mkaapa kutosemwa tena... Si kila kinachonong'onwa ni ubaya juu yako. Mimi, mara ya mwisho watu waliponong'ona kunihusu, mzee anayekufa alikuwa akinisifu, na akinipa kitu alichokipenda kuliko vyote. Ningeketi tu kwenye kile kiti cha plastiki kando ya zizi, nikaongea juu ya mvua na wazee wangu, ningeitwa ndani nikapewa.

Mkiwa kwenye boma la watu na mkaambiwa, "Tupeni nafasi kidogo," inukeni. Wapeni. Na mtoke na kila kitu chenu.